Mkono Umetoka, Ova

Mjukuu wangu wa kike anafanya kazi Mbeya mjini, kwenye karakana ya mitambo. Juzijuzi alinivalisha miwani mikubwa kama ya mchomelea vyuma, akanisimamisha mbele ya pampu ya maji, akaniambia nitazame. Nikaona mishale ya kijani inaelea juu ya pampu, na duara limezungushwa kwenye nati moja. "Bibi," akasema, "anayechora hivyo yuko nchi za mbali huko. Pampu hii haioni. Mbele yake ana pampu ya kuigiza, ya picha tupu, anaishikashika hewani. Mimi nashika ya kweli, yeye anashika ya uongo, na kazi inakwenda." Akangoja nishangae. Nikavua miwani nikamuuliza, je, akikwambia kushoto, ni kushoto kwa nani? Akacheka, akasema kompyuta inajua. Nikamwambia sawa, kompyuta yenu ina akili, ila asinitambie kwamba jambo hilo limeanza na wao. Sisi tulilifanya Usangu katikati ya miaka ya sabini, kwa kapu, mdoli wa pamba na redio ya upepo. Sijawahi kumsimulia mtu mpaka mwisho, maana kila nikianza hasira hunipanda kabla ya maneno.

Nilikuwa nesi mkunga wa zahanati ndogo ya misheni kule bondeni, na nilikuwa peke yangu. Mimi ni Mhehe wa milimani, nimekulia kwenye baridi na ukungu, na nilipelekwa kwenye joto na mbu wanaouma juu ya nguo. Kiangazi huko ni vumbi. Masika mito inavunja kingo, barabara ya kwenda Mbeya inazama, na mtu unakaa kisiwani bila kuwa na bahari. Wagonjwa wangu walikuwa Wasangu, na Wasukuma waliokuwa ndiyo kwanza wamehamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini. Kiswahili chao na changu vilikutana katikati ya njia, vyote vikichechemea.

Redio ilikuwa chumbani kwa katekista, nyumba inayopakana na zahanati. Ilikula betri ya trekta. Kila asubuhi vituo vyote vya misheni viliita hospitali moja karibu na Iringa, kila kimoja na shida zake. Anayetaka kusema alibonyeza kitufe, akimaliza alisema "ova", akaachia. Ukiwa umebonyeza husikii kitu, na ukiwa unasikia huwezi kusema. Na wote walisikia kila neno, kwa hiyo ukiishiwa dawa ya minyoo aibu yako ilijulikana mpaka Njombe.

Upande wa pili wa redio alikuwepo Sista. Hakuwa mtawa, tulimwita hivyo kwa sababu ndiye aliyesimamia wodi ya wazazi. Mama wa Kibena, mfupi, mkali kama pilipili kichaa, na ndiye aliyenifundisha ukunga. Alikuwa na kapu la mianzi alilolikata tundu chini, hilo ndilo nyonga ya mama. Ndani alikuwa na mdoli wa pamba, kichwa chake kibuyu kidogo kilichovishwa soksi. Alitufunga kitambaa machoni, akampindisha mdoli anavyotaka yeye, kisha tuseme kwa vidole tu amelalaje. Ukikosea alikuchapa kwa rula. Nilimwogopa na nilimpenda, na sijui kipi kilitangulia.

Asubuhi moja ya masika waliletwa Msukuma mmoja na mkewe kwa mkokoteni wa maksai, pamoja na mama mkwe. Mke alikuwa kijana, uzao wa tatu, uchungu umeanza tangu jana yake. Nilimlaza nikampapasa tumbo. Mahali kichwa kinapotakiwa kuwa palikuwa patupu. Kichwa kilikuwa ubavu mmoja na matako ubavu wa pili. Mtoto alikuwa amekingama, kama gogo mlangoni.

Mtoto aliyekingama hatoki. Ama ageuzwe, ama mama apasuliwe, ama wafe wote wawili. Wa kupasua walikuwa Mbeya, na kati yetu na Mbeya kulikuwa na mto uliofurika. Kugeuza nilikuwa nimegeuza mdoli tu.

Tulimhamishia chumbani kwa katekista, kwa sababu redio, na nyaya zake za paani, haikuweza kuja kwake. Katekista mwenyewe alikaribia kukimbia. Mwanamume na uzazi chumba kimoja, kwetu milimani na kwao kaskazini pia, ni mwiko. Nikamwambia mwiko utamfuata baadaye, sasa akae. Akakaa ameelekea ukutani, redio mapajani, kipaza sauti amekipitisha juu ya bega lake kukielekeza kwangu, kidole kwenye kitufe. Mume alisimama nje ya mlango, ametupa mgongo, nyuma ya pazia, kwa ajili ya kutafsiri. Mama mkwe alimshika mgonjwa mabega.

"Kamwene, Sista," nikasema. "Nina mama hapa, mtoto kakingama. Chupa haijapasuka. Ova."

Redio ikakoroma. "Kamwene, mwanangu. Ngoja nilete kapu. Vituo vingine vyote kaeni kimya. Ova."

Hapo ndipo nilipoanza kupumua. Nilimwona kabisa akiliweka kapu mezani, akimlaza mdoli upande upande.

"Kichwa kiko wapi? Ova."

"Kushoto, Sista. Ova."

"Haya. Kisukume kishuke kuelekea kulia kwa mama, matako yapande. Polepole, na uchungu ukija uache. Ova."

Nikasukuma alivyoniambia, kwa mwelekeo alioutaja. Mama alipiga ukelele. Mtoto hakwenda popote.

"Kushoto kwako au kwa mama? Ova," Sista akauliza ghafla.

Nikamtazama mama, nikatazama mikono yangu. "Kwangu. Ova."

"Na umesimama wapi? Miguuni kwake? Ova."

"Ubavuni, Sista, nimemwelekea usoni. Ova."

"Ubavu gani? Ova."

"Wa kulia. Ova." Nikafikiri. "Kulia kwake. Ova."

Mdoli wa Iringa alikuwa amelala kinyume na mtoto wa Usangu, na kila alichogeuza yeye kule mimi huku nilikuwa nakivuruga.

"Acha kushoto," akasema. "Acha kulia, sitaki kuyasikia tena. Chumba hicho kina nini upande huu na nini upande huu? Ova."

"Mlango na dirisha. Ova."

"Mama kalalia kichwa wapi? Ova."

"Kwenye redio, Sista. Kwa katekista. Ova."

Kitufe kule kikabaki kimebonyezwa, tukasikia meza inaburutwa, na Sista akijisemea kama mtu anayepanga vyombo: "Kiberiti ndiyo mlango. Kikombe ndiyo dirisha. Rula ndiyo katekista." Katekista akageuka kidogo aliposikia ameitwa rula, kisha akakumbuka na kurudisha uso ukutani.

"Kichwa kiko wapi? Ova."

"Mlangoni. Ova."

"Sasa tumo chumba kimoja," akasema. "Chukua jivii. Kichwa kilipo chora duara, matako yalipo chora msalaba. Kitovuni piga mstari wa kukata tumbo. Ukisukuma, niambie kichwa kimeliacha duara kwa vidole vingapi, nami nimsogeze wangu vidole hivyohivyo. Ova."

Jivii ni ile dawa ya zambarau ya vidonda. Nilichora. Tumbo la yule mama likawa limeandikwa kama gunia la kahawa, na kuanzia hapo mambo yakaenda. Nilisukuma kichwa kishuke kwa njia ya mlangoni, matako yapande kwa njia ya dirishani. Uchungu ukija tuliacha, ukipita tulianza tena. "Kimeliacha duara kwa vidole viwili. Ova." "Na wangu viwili. Endelea. Ova." Nilihisi mtu ameweka mikono yake juu ya yangu. Sijapata kuhisi hivyo tena maishani, hata kwa mume wangu.

Yule mama alisema kitu kwa Kisukuma. Mume akatafsiri nyuma ya pazia.

"Nesi, anauliza hivi, ule mama wa kwenye sanduku anamuona?"

Nikamfikishia Sista swali.

"Mwambie namwona," akasema. "Mwambie namwona mpaka mtoto ndani. Ova."

Mama aliposikia alifumba macho, akalegeza tumbo lote. Nilikisukuma kichwa kikashuka karibu kabisa na nyonga, chini ya mstari, mahali pake. Nikamwambia Sista. Alicheka kwenye redio, na kituo kimoja huko Mufindi kikasahau nidhamu kikapiga vigelegele.

Wakati huohuo chupa ikapasuka. Maji yakamwagika mpaka kwenye miguu ya katekista. Nikaingiza vidole kupima kichwa, na badala ya kichwa peke yake nikagusa kitu kidogo, chenye mifupa midogo, kikanishika.

"Sista," nikasema. "Mkono umetoka. Ova."

Baadaye sana niliambiwa alichofanya. Aliingiza mkono kapuni akauvuta mkono wa mdoli chini, wote, mpaka bega likaziba tundu. Akaona alichokiona. Mtoto aliyetoa mkono mpaka begani amerudi kukingama, amekwama, na ukiendelea kumsukuma kizazi kinapasuka.

"Acha," akasema, na nilisikia anavyojikaza. "Usimguse tena. Funga safari. Mwambie mumewe amlete mpaka mtoni, hata kwa mgongo. Nitaita Mbeya watoe Land Rover ingoje ng'ambo. Watafute mtumbwi. Ova."

Nilimtii. Ni nani angembishia? Nilitoa mikono yangu juu ya mtoto aliyekuwa amefika mlangoni pa dunia, nikamwambia mume afunge maksai. Mume alilia kwa sauti. Wanaume wa Kisukuma niliowajua hawakulia mbele za watu, na huyu alilia huku anafunga nira. Mama mkwe alianza kumvalisha khanga mgonjwa, naye aliuma midomo asisukume, kwa sababu nilimkataza kusukuma. Hebu fikiria, mwili wote unamwambia sukuma na mimi namwambia asisukume. Saa za watu zilikuwa zinakwenda bure na mimi sikujua. Taa nyekundu ya redio ilikuwa imeanza kufifia.

Tulipomwinua ndipo Sista aliporudi.

"Kabla hamjatoka," akasema, sauti yake imekuwa nyembamba kwa betri. "Ule mkono, kiwiko kimekunjia mlangoni au dirishani? Ova."

"Kiwiko sikioni, Sista. Kiko ndani. Ova."

"Kiko ndani vipi? Umesema mkono umetoka! Ova."

"Umetoka, Sista. Mpaka hapa, panapovaliwa saa. Ova."

Nilisikia kitu kikianguka kule. Nadhani ni kapu.

"Hicho ni kiganja!" akapiga kelele. "Kiganja, wewe mtoto! Kiganja! Ova!"

Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa na mpaka leo haijafa. Si hasira kwake, wala kwangu. Kwa Kihehe changu, kwa Kibena chake, kwa Kisukuma cha yule mama na kwa Kiswahili tulichokuwa tumekigawana wote, kuanzia begani mpaka kwenye kucha ni mkono. Unapeana mkono, unavunjika mkono, unanawa mkono. Hakuna anayeuliza ni mkono mpaka wapi, kwa sababu kila anayezungumza nawe anaona. Kiganja tunacho, lakini ni neno la kupigia makofi na kupimia unga. Nani analikumbuka mtoto akimshika kidole? Yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii kwa neno hilohilo, kapu likiwa katikati yetu, tukionyeshana.

"Mrudishe kitandani," akasema. "Kichwa bado kipo. Minya ncha ya kidole chake, atauvuta mwenyewe. Akiuvuta, wewe usukumie juu, na mama asukume. Ukiona kichwa..."

Taa nyekundu ikazimika.

Katekista alibonyeza, akaachia, akabonyeza. Akalipiga sanduku kofi. Nikamnyang'anya kipaza sauti nikaita, "Sista! Ukiona kichwa nini? Ukiona kichwa nini? Ova!" Niliita kama mwendawazimu. Nikakitupa.

Nilifumba macho. Sikuwa na njia nyingine ila kumwona. Nilimwona Iringa mezani, kiberiti huku na kikombe huku, akimminya mdoli kidole cha pamba. Nikaminya. Kile kiganja kikanywea, kikapanda, nami nikakifuata kwa vidole mpaka kikapita kando ya kichwa, na uchungu uliofuata kichwa kikashuka chote mkononi mwangu. Nikamwambia mama sasa, sasa sukuma, na mume nje akapaza Kisukuma chake mpaka pazia likatikisika. Akazaliwa mtoto wa kiume, mzima, anapiga kelele. Mkono wake mmoja ulikuwa na rangi ya bluu, ukarudi kuwa mwekundu tukiutazama. Mama mkwe alipiga magoti chini kwenye maji. Katekista aligeuka, mwiko na usamehewe, akacheka na kulia kwa pamoja.

Kondo la nyuma lilitoka, na damu ikaja.

Ilikuja kwanza ya kawaida, kisha haikukatika. Kizazi kilikuwa kimechoka. Kilikuwa kimesukuma tangu jana yake, kikakatazwa, kikasukumishwa tena. Nilimsugua tumbo juu ya ile michoro ya zambarau mpaka ikafutika yote mikononi mwangu. Nilimchoma sindano ya kukaza kizazi, ergometrini, niliyokuwa nayo. Nilimweka mtoto kwenye ziwa, anyonye, kizazi kijikunje. Niliweka ngumi ndani na ngumi juu nikakandamiza kama nilivyosoma. Mtoto alinyonya vizuri, na damu ikaendelea kutoka. Nilimgeukia yule katekista nikamwambia aite Sista, aite tu, na alikaa pale akiita kwenye sanduku lililokufa, akisema ova kila mara, akingoja, akiita tena. Mama alimtazama mwanawe. Akamwambia mama mkwe neno moja, sikulielewa, na sikupata moyo wa kuomba nitafsiriwe. Jua lilikuwa bado liko juu alipokata roho.

Walimzika palepale Usangu, mbali na kwao alikozaliwa. Mtoto alichukuliwa na bibi yake, akanyweshwa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji ya moto.

Ilichukua siku kadhaa kupata betri nyingine. Ililetwa imebebwa kichwani, mtu akivuka maji ya kifuani. Katekista akaunga nyaya, taa ikawaka, na ilikuwa saa ya vituo vyote kuita. Hatukuwahi kujitambulisha. Sista alisikia mkoromo wa redio yetu tu akatujua.

"Usangu! Mwanangu!" Sijapata kusikia sauti yake ikiwa na furaha kiasi kile. "Kila siku nawaita. Betri, eeh? Nilijua ni betri. Mimi hapa nilimalizia kwa mdoli wangu, nikamrudisha kiganja, akatoka vizuri kabisa, mara ya kwanza tu! Nikawaambia wanafunzi wangu wote, na yule wa Usangu katoka, mikono ya nesi wake naijua. Haya tuambie, watu wanasubiri huku. Mtoto hajambo? Mama ananyonyesha? Ova."

Katekista aliniletea kipaza sauti, na safari hii hakutazama ukutani, alinitazama mimi. Nilikishika. Nilijua kwamba nisipobonyeza, kule Iringa mama yule bado ananyonyesha. Nilikaa nacho mpaka Sista akauliza kama tunasikia.

Nikabonyeza. "Mtoto hajambo, Sista," nikasema. "Mama tumemzika. Alitoka damu. Ova."

Redio ikakoroma. Kisha kitufe kule kikabonyezwa.

"Kapu langu halitoki damu," akasema Sista. "Mwanangu, nilikuwa na kila kitu hapa mezani. Mlango nilikuwa nao. Damu sikuiweka."

Hakusema ova. Tukakaa, mimi na katekista, na vituo vyote kutoka Mbeya mpaka Iringa, bila kujua kama amemaliza.